Barua kwa mwanangu: baiskeli ya babu yako isipakwe rangi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba ile Raleigh ya babu yako imetoka stoo na sasa iko mikononi mwako. Umeniuliza kama ukubali ushauri wa fundi: aisugue fremu kwa mashine ya mchanga mpaka ibaki chuma kitupu, apulize rangi mpya, rimu na usukani vipigwe kromu upya, ing'ae kama ya dukani. Jibu langu ni hapana. Lakini sitaki uitundike ukutani pia. Nataka itembee, tena itembee vizuri, huku ngozi yake ikibaki ileile.

Itazame bomba la juu la fremu. Kuna mahali rangi nyeusi imelika hadi chuma kinaonekana. Hapo ndipo alipokuwa akinipakia nikiwa mdogo, nami nimeshika usukani katikati ya mikono yake. Mashine ya mchanga ikipita hapo, hakuna fundi duniani atakayeirudisha alama hiyo. Rangi mpya itakuwapo hata ukiitaka ukiwa mzee; ya zamani ikiondoka imeondoka. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote jiulize kama linaweza kutenguliwa. Kama haliwezi, subiri.

Kusafisha si kazi ngumu, inataka subira tu. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa, uanzie chini kabisa ya fremu pasipoonekana ili ujue rangi inavumilia nini. Petroli na spiriti zisikaribie nembo, zitaiyeyusha. Kutu ya juujuu kwenye kromu iondoe kwa karatasi ya alumini uliyoilowesha maji: alumini ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Msasa na brashi ya waya viweke mbali. Kromu iliyokwisha kubanduka hairudi, hapo paka nta kuzuia kutu isiendelee. Rangi nayo ipake nta ikishakauka.

Sasa tuje kwenye vyuma vinavyozunguka, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua. Pedeli ya kushoto ina uzi (ile mikato ya skrubu) wa kinyume, inafunguka ukiizungusha kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Wengi wameiharibu kwa kuilazimisha upande wa kawaida. Kotapini, zile pini za chuma zinazoshika mikono ya pedeli, ndizo zitakazokusumbua zaidi. Usigonge tu ovyo. Weka kitu kizito na imara chini ya mkono wa pedeli, la sivyo kila pigo la nyundo linaishia kwenye gololi na vikombe vyake. Nati irudishe mpaka iwe sawa na ncha ya pini ili uzi usipondeke, kisha piga pigo moja zito badala ya mengi mepesi. Wakati wa kurudisha, pini mbili zielekee pande tofauti, vinginevyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja.

Gololi badilisha zote, hazina kumbukumbu yoyote ndani yake. Vikombe na koni, yaani vyuma ambavyo gololi huzunguka kati yake, ni jambo jingine. Baiskeli za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zilikuwa na uzi wao wenyewe, nyuzi 26 kwa inchi, wakati watengenezaji wengine walitumia 24. Kikombe cha kampuni nyingine kitaanza kuingia halafu kitakula uzi wa fremu. Kama vya babu havina vijishimo, visafishe, tia grisi mpya, virudishe.

Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ile yenye gia 3 za kampuni ya Sturmey-Archer, usiifungue kama gia zote zinashika. Ina kijitundu chenye kifuniko: tia matone machache ya oili nyepesi, si grisi. Ukiifuta vizuri utaona herufi AW, ambazo ni jina la aina ya habu hiyo, na tarakimu pembeni. Mbili ni za mwaka, nyingine ni ya mwezi. 58 na 6, kwa mfano, ni Juni 1958. Hapo utajua umri wake, almradi gurudumu ni lake la asili.

Kuna vitu sitaki uvionee huruma: tairi, tyubu, mipira ya breki. Tairi usinunue kwa kuambiwa "28" tu, kwa sababu kuna zaidi ya kipimo kimoja chenye jina hilo. Yako ni 28 x 1½, ambayo kipenyo cha rimu yake, pale tairi linapokaa, ni milimita 635. Cheni ipime: pini 24 zinazofuatana baada ya ile ya kwanza ziwe inchi 12. Zikifika inchi 12 na 1/8, itoe. Na kumbuka rimu za chuma zikilowa breki hushika kwa shida hata mipira ikiwa mipya, kwa hiyo kwenye mvua anza kupunguza mwendo mapema.

Tandiko la ngozi usililoweshe mafuta, litalegea na kuning'inia. Paka nta ya ngozi kidogo, hasa upande wa chini. Likiwa limepasuka, funga jingine na lile la babu ulihifadhi. Kila kitu cha asili utakachokitoa kitie kwenye mfuko, uandike kimetoka wapi.

Umeuliza pia kuhusu waya alioufunga kwenye keria. Uache. Aliufunga mwenyewe, na kwa mzigo mwepesi unatosha. Mtoto usimpakie hapo mpaka keria iunganishwe upya.

Anza na kotapini, na kabla hujapiga nyundo nitumie picha ya ulivyoegemeza mkono wa pedeli.

Mama yako