Maswali yenu: kahawa ya oganiki ina nini hasa?

Mwezi huu maswali ya kahawa yamekuwa mengi, nimechagua manne. Niseme tu mapema kwamba hili jambo linanigusa, mimi nimekulia kwenye kihamba cha kahawa na migomba kule uchagani na mpaka leo nalima.

SWALI: Shikamoo. Nimekuta supamaketi pakiti mbili za kahawa ya unga, moja imeandikwa oganiki na bei yake karibu mara mbili ya nyingine. Mume wangu ana vidonda vya tumbo na kahawa haachi, je nikimnunulia hiyo ya oganiki itamsaidia? *Mama wa wawili, Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Oganiki maana yake imelimwa bila dawa na mbolea za viwandani. Kwa vidonda hapana, usitoe hela yako kwa sababu hiyo. Kafeini iko vile vile na uchachu uko vile vile, awe mkulima kapiga dawa au hajapiga, kinachobadilisha kafeini ni aina ya kahawa yenyewe, robusta ya Kagera ina karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga. Mpeleke hospitali wampime, vidonda vingi vinaletwa na bakteria na vina dawa yake, na kahawa apunguze, hasa asinywe na tumbo tupu.

Na hata yale mabaki ya dawa ambayo watu wanayaogopa, ukiangalia vizuri punje ya kahawa imejificha ndani ya tunda, ina ganda jekundu la juu, ina utelezi, ina ganda gumu, afu vyote hivyo vinatolewa na punje inakaangwa kwenye moto unaopita nyuzi 200, kwa hiyo kinachofika kwenye kikombe chako ni kidogo sana. Sasa mtu atauliza, faida ya oganiki iko wapi? Iko shambani, kwa yule aliyebeba bomba mgongoni. Mimi nimemuona baba yangu akirudi kutoka kupiga mrututu, ile dawa ya bluu ya ukungu yenye kopa, shati limekuwa la bluu, mikono ya bluu, hana glavu hana kitambaa cha mdomo, na bomba analioshea kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji, maji hayo hayo majirani wa chini wanachota kupikia. Hakuna aliyemwambia kitu. Na mrututu ni afadhali, kulikuwa na endosalfani, dawa ya wadudu ambayo mwaka 2011 iliingizwa kwenye mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zinazokaa muda mrefu kwenye mazingira, na ilishapigwa kwenye mibuni miaka na miaka. Kwa hiyo ukinunua ile pakiti ya bei, unanunua maji safi ya mtu na mapafu ya mtu. Mi naona ni sababu tosha, ila uijue ndo hiyo.

Kabla hujalipa geuza pakiti, tafuta alama ya ukaguzi, hapa kwetu ni Kilimohai ya Afrika Mashariki, ya Ulaya ni jani lililochorwa kwa nyota. Ikiandikwa tu "asilia" hapo hamna aliyekagua.

SWALI: Baba mkwe ametuachia kihamba Kibosho, mibuni kama 300, mingi ni ya zamani sana. Tunataka kuachana na madawa kabisa lakini kila mwaka buni changa zinakuwa nyeusi na kudondoka. Tuanzie wapi? *Kaka mlezi, Moshi*

JIBU: Poleni na msiba, na hongereni kwa kutokung'oa, maana wengi wakirithi wanang'oa wanapanda nyumba za kupangisha. Hiyo mnayoiona ni chulebuni, ni ukungu, unapenda baridi na mvua ya huko juu kwenu na mibuni ya zamani haina kinga nayo hata kidogo. Ukiamka tu asubuhi ukasema kuanzia leo sipigi dawa, huku mibuni ni ile ile, mwaka huo utavuna majani. Nawaambia hivi kwa sababu nimeona watu wamekata tamaa ya kilimo hai mwaka wa kwanza, kumbe walianzia mwisho.

Anzeni na mbegu. Pale Lyamungu kuna TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo kipo tangu 1934, wana miche chotara inayohimili chulebuni na kutu ya majani, pandeni kidogo kidogo, mfano 60 kila mwaka, ili msikae bila kipato, maana mche mpya unataka kama miaka 3 kuanza kuzaa. Wakati huo ile ya zamani inayobaki pogoeni kweli kweli, toeni machipukizi ya ziada, acheni shina mbili tatu, hewa na jua vipite katikati, maana mbuni uliosongamana unakaa na unyevu na ukungu unashangilia, na wadudu waitwao kimatira nao wanapenda hapo hapo.

Kivuli msikate chote. Miti ya mruka na mringaringa ambayo wazee waliacha makusudi juu ya migomba ina kazi yake, majani yakidondoka ni mbolea, ndege wanakaa humo wanakula wadudu, na udongo haukauki kiangazi. Ila kikizidi nacho ni shida, ukisimama chini saa sita mchana uone mabaka mabaka ya jua ardhini, hapo ni sawa.

Udongo sasa, hapa ndo oganiki inaposimama au inapoanguka. Kama mna hata ng'ombe wawili wa ndani nyie ni matajiri. Samadi msiimwage mbichi kwenye shina, pangeni lundo, mabua chini, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, rudieni tena hivyo hivyo, funikeni na majani ya migomba, pindueni kila baada ya wiki tatu hivi, baada ya miezi 3 mkishika inanuka kama udongo wa msituni na haina joto. Debe moja mpaka mawili kwa kila mbuni kwa mwaka. Na yale maganda mekundu ya siku ya kumenya kahawa, jamani, yale watu wanayamwaga mtoni, mto unanuka na samaki wanakufa, rudisheni kwenye lundo, ni chakula kilichotoka kwenye mbuni huo huo.

Wadudu: ruhuka, yule anayetoboa buni, anajificha kwenye buni zilizobaki mtini na zilizodondoka, kwa hiyo mkimaliza msimu okoteni zote mpaka ya mwisho, ni kazi ya watoto jumamosi na inasaidia kuliko dawa. Bungua akitoboa shina mtaona ungaunga chini, chukueni spoku ya baiskeli mfuateni ndani ya tundu. Utupa, ule mmea wa kuulia wadudu, watu wanautumia, ila angalieni, ule ni sumu ya samaki tangu enzi za mababu, usisogee karibu na mfongo, na mkitaka cheti muulizeni kwanza mkaguzi.

Mrututu wenyewe, watu wengi hawajui, unaruhusiwa kwenye oganiki ya Ulaya kwa kipimo, jumla kilo 28 za kopa kwa hekta ndani ya miaka 7. Lakini vihamba vingi vya kwetu kopa imeshajaa ardhini kwa miaka mingi ya kupiga, na haiozi, kwa hiyo mimi ningeuacha. Mavuno yatashuka kidogo miaka ya mwanzo, mjiandae.

SWALI: Jirani anasema miche chotara ni ya kutengenezwa maabara kwa hiyo ukipanda hupati oganiki. Kweli? *Mkulima, Mbinga*

JIBU: Si kweli. Chotara ni mbuni na mbuni zimechavushwa, kama unavyochanganya ng'ombe wa kienyeji na wa kisasa, inaruhusiwa kabisa. Kinachokatazwa ni zile za kubadilishwa vinasaba.

SWALI: Sisi huku Karagwe kibanja hakijawahi kuona mbolea ya chumvichumvi tangu babu, mbona tunauza bei ile ile ya wote? *Msomaji, Kayanga*

JIBU: Ndugu yangu, hili linaniuma kila nikilisikia. Mnunuzi wa nje hanunui neno lako, ananunua karatasi, yaani cheti cha oganiki, na karatasi ya mtu mmoja mwenye ekari moja gharama yake inakula kahawa yote. Ndo maana inafanyika kwa kikundi, kupitia chama cha msingi na union, mnakuwa na wakaguzi wenu wa ndani wanaopita kila kibanja, kila mkulima ana ramani na daftari lake, afu mkaguzi wa nje anakuja mara moja kwa mwaka na kuchagua baadhi. Sheria mpya za Ulaya zinataka kikundi kisizidi wanachama 2,000 na kiwe kimesajiliwa. Kipindi cha mpito kabla ya kuuza kama oganiki ni miaka 3 kwa zao la kudumu kama kahawa, lakini mkithibitisha kwamba ardhi haijaguswa na dawa muda huo unaweza kupunguzwa, kwa hiyo historia ya babu yako ina thamani, iandikeni.

Vitu vinavyowaangusha watu ni vidogo. Shamba ni oganiki lakini mahindi ya katikati yamepigwa dawa ya viwavi, au mtu kanyunyiza dawa ya magugu njiani. Maharage yamewekwa dawa ya kuhifadhia na yamekaa stoo moja na kahawa. Gunia lilikuwa la mbolea. Jirani anapiga dawa na mpaka ni mstari tu wa miti. Na kuanika chini kwenye udongo, hiyo acheni, tengenezeni chanja au tandikeni turubai safi.

Na butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa. Ukishauza kahawa ikiwa bado maua kwa mtu mwenye hela anayejua shida zako, hiyo kahawa haipiti tena kwenye chama na hata ungekuwa na vyeti kumi nyongeza ya bei huioni. Najua ada ya shule haisubiri mavuno. Kwa hiyo kwenye mkutano wa chama ulizeni mambo mawili kwa pamoja, cheti cha kikundi na mkopo mdogo wa kabla ya msimu, na mwombeni katibu aandike majibu kwenye muhtasari.