Kabla mzee wako hajatia dole gumba

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Alipovunjika nyonga, na sisi wote tunashinda kazini, tukampeleka kwenye kituo binafsi cha kulelea wazee hapa Dar. Majirani walisema tumemtupa, na maneno yale yaliniuma sana.

Mwezi wa tatu simu yake ikawa haipatikani. Nikapanda daladala siku ya Jumatano, siku ambayo hawakunitegemea. Nilimkuta amekaa kitandani, kidole gumba kina wino wa bluu hadi ndani ya kucha. Mwalimu aliyefundisha watoto wa watu mwandiko miaka yote ile, leo anatia dole!

"Shikamoo shangazi. Umesaini nini?"

"Marahaba mwanangu. Wamesema ni karatasi ya dawa."

Niliomba kuiona. Ilimruhusu msimamizi wa kituo achukue pensheni yake benki. Kadi na simu zilikuwa kwenye droo ya ofisi, nikaambiwa ni kwa usalama wake.

Ndugu zangu, mzee akihamia kituoni anahamia yeye na haki zake zote. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali yake, na ya 16 inalinda faragha yake, mawasiliano yakiwemo. Kituo kinaweza kumtunzia kadi, ni kweli wazee hupoteza vitu, lakini iwe kwa ridhaa yake, iandikwe daftarini, na apewe siku anapoitaka. Na ile karatasi isiwatishe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari. Mtu akidanganywa, au akishawishiwa isivyo haki na mwenye mamlaka juu yake, anaweza kuukataa mkataba huo. Sheria hiyo inataja hata akili iliyodhoofishwa na umri au maradhi.

Sikugombana na mtu. Nilipiga picha karatasi ile, nikaandika tarehe na maneno ya shangazi kama alivyoyasema, nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Alipofika kituoni, kadi ilirudi siku hiyohiyo. Simu ilichukua wiki nzima. Asiye na pesa ya wakili aulizie wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kosa letu kubwa lilikuwa siku ya kwanza. Tulizungumza na msimamizi sisi watoto, shangazi tumemwacha kwenye benchi nje kama mzigo. Usifanye hivyo. Someni mkataba mbele yake, kwa sauti. Ulizeni nani anashika fedha, nani anaamua kuhusu dawa na anaweza kutembelewa saa ngapi, kisha mwacheni ajibu mwenyewe hata kama anachelewa kupata neno. Halafu nendeni siku msizotegemewa.

Sasa kadi ameifunga kwenye pindo la kanga. Jumapili iliyopita, nilipokuwa naaga, aliniita nirudi: nikija tena nimletee kalamu, ya wino mweusi.