Tangi la Gesi la Gari-Nyumba Likijazwa Kupita Kiasi

Risiti ninayo hadi leo. Imeandikwa galoni 22 za gesi ya propeni, zilizotiwa Flagstaff, Arizona, asubuhi ya baridi ya mwezi Juni. Tangi letu lina ujazo wa galoni 30, na kabla ya kujazwa geji ilikuwa kwenye asilimia 20, maana yake galoni 6 zilikuwa bado zimo. Sita na 22 ni 28, na 28 katika tangi la 30 ni zaidi ya asilimia 93. Hesabu hiyo haichukui nusu dakika, lakini mimi sikuipiga. Nililipa, nikaikunja risiti nikaitia mfukoni, tukaanza kuteremka kuelekea Phoenix.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu mnaoishi Marekani ambao mmeanza kukodi au kununua yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo wenyeji huyaita RV na mimi nayaita gari-nyumba. Wengi wetu tumekulia kwenye mitungi ya dukani: unapeleka mtupu, unapewa uliojaa, na kazi ya kujaza imekwisha kufanywa mahali usipopaona. Gari-nyumba lenye injini yake kwa kawaida halina mtungi wa kubadilisha, bali lina tangi lililofungwa kwenye fremu, nalo hujazwa papo hapo wewe ukiwepo. Mjazaji akikosea, kosa lake unaondoka nalo barabarani.

Tangi la propeni huhesabiwa limejaa linapofika asilimia 80. Asilimia 20 inayobaki si hasara ya mnunuzi, ni nafasi ya kimiminika kutanukia, kwa sababu propeni hutanuka kwa joto kuliko maji kwa mbali sana. Ukiipasha kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 45 za Selsiasi, inaongezeka kwa takriban sehemu moja ya nane. Tangi lililojazwa asilimia 80 asubuhi ya baridi litafika kama asilimia 90 kwenye joto hilo, na bado litakuwa na nafasi ya kupumua. Tangi langu la asilimia 93 halikuwa na pa kwenda. Flagstaff iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Phoenix iko bondeni jangwani, ambako joto la Juni hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Kila kilomita tuliyoteremka ilikuwa inalipasha tangi. Kimiminika kikishalijaza tangi lote, presha haipandi tena kidogo kidogo. Inaruka, na kinachobaki kulinda chuma kisipasuke ni vali ya usalama peke yake.

Tulisimama Camp Verde ili watoto wale. Nilikuwa nimezima injini, lakini friji lilikuwa likiendelea kuwaka kwa gesi, jambo ambalo sijalirudia tena safarini tangu siku hiyo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alishuka wa kwanza, akasimama karibu na kibanda cha tangi, yaani kile kisanduku cha gari linamokaa tangi, na kunusa. Akaniambia, “Baba Salma, hapa pananuka yai viza.” Nilipomfikia nikasikia mlio mkali wa hewa inayochomoka, ukakatika, kisha ukaanza upya. Pembeni ya mlango wa kibanda palikuwa na ukungu mweupe ukishuka kuelekea lami, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na huenda chini, ikatambaa na kujikusanya kwenye mitaro na mabonde.

“Mama, twende,” nilisema, na kwa bahati njema hakuuliza kwa nini. Tuliwatoa watoto kwa mlango wa upande wa pili, tukatembea kuufuata upande unakotoka upepo mpaka tukawa mbali kabisa, na huko ndiko nilikotoa simu na kupiga 911. Sikuufungua mlango wa kibanda, wala sikurudi ndani kuzima friji, ingawa moyo ulinivuta. Mahali penye gesi iliyokwisha kusambaa, swichi moja inatosha kutoa cheche. Zimamoto walipofika walilimwagia tangi maji mengi kutoka mbali ili kulipoza, mlio ukanyamaza, ndipo mmoja wao akaenda kufunga vali kuu. Vali ya usalama imeundwa hivyo: presha ikizidi inafunguka, ikishuka inajifunga yenyewe. Kwa hiyo ukiisikia ikitoa gesi usijaribu kuiziba kwa kitambaa wala kwa kitu kingine chochote, na usisimame mbele ya tundu lake. Ndiyo inayolikinga tangi lisipasuke.

Mara nyingi hutafika huko, kwa sababu utaligundua tatizo mapema ukiangalia geji iliyo kwenye tangi lenyewe, na si zile taa za ndani ya gari ambazo hukupa makadirio tu. Geji ya boya nayo hukosea kidogo, na sindano ikisimama kwenye 82 huna sababu ya kupaniki. Ikisoma 85 na kuendelea, au ikiwa galoni za kwenye risiti hazilingani na nafasi iliyokuwepo, zima kila kitu kinachotumia gesi, funga vali kuu taratibu, na usiliondoe gari. Mwambie aliyekujazia, aiondoe ziada yeye mwenye vifaa. Ikiwa umeshaondoka, tafuta mahali pa wazi penye kivuli, mbali na magari mengine na mbali na watu wanaochoma nyama, kisha mwite fundi mwenye leseni ya propeni akufuate hapo. Usiliingize gari kwenye gereji au banda.

Utakutana na watu watakaokushauri uwashe hita na jiko saa kadhaa ili kiwango kishuke chenyewe. Nalipinga shauri hilo kwa nguvu zangu zote. Regulata, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi kabla haijafika jikoni, imetengenezwa kupitisha mvuke. Tangi likiwa limejaa kupita kiasi, kimiminika chenyewe kinaweza kuingia kwenye paipu, na kila lita yake ikigeuka gesi inakuwa kama lita 270. Moto uliouzoea ukiwa wa bluu na mfupi unaweza kuruka hadi kwenye kabati juu ya jiko. Wengine watakuambia ulegeze ile skrubu ndogo ya kutolea gesi uiache ivuje usiku. Usiku huo gesi itakuwa imelala chini ya sakafu mnayolalia, na huenda na chini ya gari la jirani pia.

Fundi aliyetuhudumia jioni ile alilipeleka gari kwenye uwanja wa changarawe baada ya tangi kupoa, akaliweka sawa kwa pima maji, akaunganisha bomba refu lenye kichomeo mwishoni, akakisimamisha kichomeo hicho mbali na kuichoma ziada pole pole huku kizimamoto kikiwa miguuni pake. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Kisha akaibadilisha regulata, kwa kuwa hakutaka kubahatisha kama kimiminika kiliifikia au la.

Wenye matrela, yaani gari-nyumba za kuvutwa, hutumia mitungi inayotolewa, na kwao njia ya uhakika ni mizani. Kwenye kola ya mtungi pamegongwa TW, ambao ni uzito wa mtungi mtupu. Mtungi wa pauni 20 za gesi wenye TW 17 haupaswi kuzidi pauni 37 kwa jumla. Mitungi hiyo tangu 2002 haijazwi tena bila vali yenye boya la kuzuia kuzidisha, ile yenye mkono wa pembe tatu, lakini boya hudanganyika mtungi ukiwa umeinama, na huweza kukwama.

Siku hizi sikai ofisini wakati wa kujaza. Gari naliegesha mahali tambarare, familia yote inashuka, mioto yote inazimwa, nami nasimama kando nikihakikisha kwamba mhudumu amefungua ile skrubu ndogo inayoonyesha kwamba tangi limefika asilimia 80, na kwamba anaacha kujaza mara tu inapotema ukungu mweupe. Kule Flagstaff gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, na skrubu sikuiona ikifunguliwa kwa sababu sikuwepo. Ndani ya mlango wa kibanda nimebandika utepe wenye namba mbili zilizoandikwa kwa wino mzito, 30 na 24: ujazo wa tangi na mwisho wa kujaza. Kabla mpira wa kujazia haujaunganishwa, naisoma geji, natoa galoni zilizomo kwenye 24, na kumtajia mhudumu kwa sauti idadi ambayo hatakiwi kuipita.