Mchemsho Kugeuka Kahawia Si Ushahidi: Maswali Yenu kuhusu Chembenano za Majani

Nimechanganya mchemsho wa majani ya mwarobaini na nitrati ya fedha, ukageuka kahawia. Je, nimepata chembenano?

Huenda umezipata chembe hizo ndogo mno za madini ya fedha, zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), lakini rangi haitoshi. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya taifa ya kemia mjini Pune, India, walichapisha kazi iliyotumia majani hayohayo: viambato vya jani huzipa ayoni za fedha (atomu zilizopungukiwa elektroni) elektroni, zikawa atomu zinazokusanyana, kisha viambato vingine huzifunika chembe hizo zisiendelee kushikana. Hata hivyo, mchemsho wa majani ukilala usiku kucha hugeuka kahawia bila fedha yoyote. Tafuta kwanza kilele cha ufyonzaji wa mwanga, ambacho kwa chembenano za fedha huwa kwenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 450, halafu upime ukubwa wa chembe kwa hadubini ya elektroni.

Wangu umekuwa mweupe kama tui. Kwa nini?

Umetumia maji ya bomba, na kloridi iliyomo imeiteka fedha yako ikawa kloridi ya fedha, ambayo ni nyeupe na haiyeyuki. Tumia maji yaliyokenekwa, na uvae glavu, maana nitrati ya fedha huacha madoa meusi vidoleni kwa siku kadhaa.

Chembe zangu zimeua bakteria kwenye sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria). Je, nina dawa mpya?

Hapana. Barua za namna hii nazipokea kila mara, na karibu zote zinakosa jambo lilelile: vilinganishi. Kama hukuweka kando kisima (kishimo ndani ya agari) cha mchemsho mtupu, kisima cha nitrati ya fedha yenye kiasi kilekile cha fedha, na kisima cha antibiotiki inayojulikana, huwezi kusema ni nini kilichoua, kwa kuwa ayoni za fedha huua bakteria hata pasipokuwa na jani. Tena upana wa duara lililo wazi, pasipoota bakteria, hutegemea pia jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari, na chembe husambaa kwa shida. Na msisahau kupima sumu kwa seli za binadamu. Hata jiki huua bakteria kwenye sahani.

Kwa kuwa imetokana na mmea, si salama kunywa?

Nimekwisha kulijibu hili, nanyi mnaliuliza tena. Mmea umetumika kuitengeneza chembe, lakini unachokimeza ni fedha. Ikirundikana mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu yenye ubuluu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kwamba bidhaa za fedha ya koloidi (chembe za fedha zinazoelea ndani ya maji) zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufaa. Anayewauzia kichupa chenye neno "nano" mwulizeni kina miligramu ngapi za fedha.

Mbona basi hospitalini hazipo?

Kwa sababu majani ya masika si majani ya kiangazi, na viambato vikibadilika, ukubwa na umbo la chembe hubadilika pia. Udogo wa nano wenyewe si kikwazo: Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Fedha nayo imo katika krimu ya majeraha ya moto, silva salfadiazini ya asilimia 1, ambayo kila mrija wake una kiasi kilekile.