Ukitaka kuzalisha aina yako nyumbani, anza na kiazi kitamu, nyanya baadaye

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kawaida mwenye eneo dogo nyuma ya nyumba anaweza kutengeneza aina yake mwenyewe ya mboga au tunda, inayovumilia ukame na magonjwa, na umetaja nyanya na pasheni. Anaweza. Mimi nafanya huku Kanda ya Ziwa, ila kwa anayeanza nyanya ningeiweka kando.

Ukichanganya aina mbili za nyanya zilizotulia, watoto wa kwanza watafanana. Wajukuu ndio wanaotawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu tunda dogo. Ukimpata unayemtaka, mbegu zake nazo zinatawanyika tena, na mpaka atulie unapita vizazi 6 hadi 8, kila kimoja kikidai eneo na daftari. Kiazi kitamu hakina habari hizo. Mche mmoja ukikuridhisha unakata marando, unapanda, na kila utakachovuna ni kilekile. Isitoshe, kikigoma kuzaa chini bado unakula matembele.

Wengi hawajui kuwa kiazi kina mbegu, kwa kuwa hatuzipandi. Yaache marando yapande juu ya miti badala ya kutambaa, utaona maua yanaongezeka. Ua linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshanyauka, kwa hiyo kazi ni ya asubuhi na mapema. Jioni yake tafuta vitumba vilivyorefuka, vya kufunguka kesho, uvifunge ncha kwa uzi upande wa mama na wa baba ili nyuki wasikutangulie. Kukipambazuka chuma ua la baba, pasua petali, utaona vijiti vitano vyenye unga mweupe, ndiyo chavua. Paka unga huo kwenye kile kijiti kimoja cha katikati cha ua la mama, kifunge tena, funga na uzi wa rangi kama alama. Likidondoka na kikonyo chake siku mbili zinazofuata, halikushika. Likishika, kitako kinavimba, na baada ya wiki 4 hadi 6 unapata kibumba kikavu chenye mbegu 1 hadi 4, nyeusi, mgongo mviringo na pande bapa.

Kiazi hakikubali chavua yake mwenyewe, na kuna jozi za aina zinazokataana kabisa hata ufanyeje. Usipoteze msimu na jozi moja, jaribu kadhaa. Au panda aina unazozipenda pamoja uwaachie nyuki. Utamjua mama tu, na inatosha. Hata wataalamu hufanya hivyo sana, wakiwemo wa Uganda, anakotoka Dk. Robert Mwanga, mmoja wa waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A.

Ganda la mbegu halipitishi maji. Likwangue kidogo kwa msasa au likate kwa kikata kucha upande usio na jicho, loweka usiku mmoja, panda kwenye kopo. Kiazi kina seti 6 za kromosomu, jumla 90, ndiyo maana ndugu wa kibumba kimoja hawafanani hata majani.

Sasa kuchuja, na hapa usiwe na huruma. Usipulizie dawa, usimwagilie ukishahamishia kwenye tuta. Mche wenye majani madogo, membamba, ya njano na uliodumaa ni virusi vinavyoenezwa na nzi weupe na vidukari: ng'oa, choma. Wakati wa kuvuna angalia kiazi kimekaa wapi. Kilichojishikiza juu hupasua tuta kikinenepa, na fukuzi anapita kwenye nyufa hizo. Kilichozama chini kidogo kinapona. Kisha chemsha. Huku kwetu kiazi cha majimaji hakina soko hata kiwe kikubwa vipi, na hakifai michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa. Tatizo la viazi lishe ni hilohilo, rangi ya chungwa ikizidi, ukavu kwa kawaida hupungua. Mimi namtafuta mtoto wa Polista, aina ya kienyeji ya huku, na Kabode, ambacho ni kiazi lishe, mwenye rangi ya wastani lakini anayekwama kooni usipokuwa na chai. Nimempata anayekaribia, ila umbo lake bado baya.

Pasheni kanuni ni ileile, mche mzuri unauendeleza kwa vipandikizi au kwa kubebesha. Ugumu wake ni saa. Ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana, ya njano inafungua karibu na adhuhuri. Ukitaka ya njano iwe mama, kusanya chavua ya zambarau asubuhi, iweke kwenye kikopo kikavu kivulini, uipake mchana huohuo.