Taamuli ya bure na ya kulipia: unanunua nini hasa?

Swali: Mwalimu, nina miezi saba nafanya taamuli (meditesheni), dakika ishirini kila asubuhi. Nilifundishwa na rafiki yangu, hakunitoza chochote. Sasa nimeingia kwenye kundi ambalo kiongozi wake anasema taamuli ya bure haina nguvu, kwamba malipo ndiyo yanayofungua mlango, na kwamba ziko hatua tano za siri. Ada ya hatua ya kwanza tu ni mshahara wangu wa miezi miwili. Nilipe? Au taamuli inatakiwa kufundishwa bure?

Jibu: Usilipe, ndugu yangu. Endelea na dakika zako ishirini, na mshukuru huyo rafiki.

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na kila mara limebeba dhana ileile: kwamba ndani ya taamuli kuna siri, na siri hiyo ina bei. Katika kazi yangu ya saikolojia tiba hakuna dhana inayonichosha kama hii. Mbinu yenyewe ni hii: kaa mgongo umenyooka bila kukakamaa, weka akili kwenye pumzi, ikitoroka tambua kwamba imetoroka, irudishe bila kujikaripia. Itatoroka mara mia, na zoezi ni huko kuirudisha mara mia. Basi, umeshaisoma yote. Anayekwambia hatua ya tano imefungwa kwenye bahasha, anakuuzia bahasha.

Hata neno la siri, ambalo baadhi ya walimu huwapa wanafunzi kwa ada, lilishapimwa. Miaka ya 1970 Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, aliwachunguza watu waliokuwa wakifanya Transcendental Meditation, taamuli ya mwalimu wa Kihindi Maharishi Mahesh Yogi, ambako mwanafunzi hulipa ada na kupewa neno lake binafsi la kurudia kimoyomoyo. Alikuta kweli mwili unatulia: pumzi inapungua kasi, oksijeni inatumika kidogo. Kisha akawafundisha wengine kurudia neno lolote la kawaida, hata "moja", akaona utulivu wa namna ileile.

Sisemi kwamba kila anayetoza ni tapeli. Jon Kabat-Zinn alianzisha kozi yake ya taamuli ya wiki nane mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao dawa pekee hazikuwasaidia vya kutosha, na kozi za aina hiyo kwa kawaida hulipiwa hadi leo. Unalipia ukumbi, saa za mwalimu, na macho ya mtu anayejua la kufanya ukianza kutetemeka katikati ya kikao. Vituo vya Vipassana (aina ya taamuli yenye asili ya Kibudha) vinavyofuata mafundisho ya mwalimu S. N. Goenka vimechagua njia nyingine: siku 10 za ukimya, malazi na chakula, bila ada, na mchango unapokelewa tu kutoka kwa aliyekwisha kumaliza kozi. Naiheshimu sana njia hiyo. Lakini hata huko gharama ipo. Sahani yako imelipiwa na aliyeketi kwenye mto huo wa kukalia kabla yako. Msimamo wangu ni huu: mbinu isiuzwe, muda wa mwalimu unaweza kulipiwa, na asiye na kitu asirudishwe mlangoni.

Kuna kijana aliwahi kuja kwangu, akafungua simu kunionyesha risiti zake: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwomba tukae pamoja dakika kumi. Dakika ya tatu akafumbua jicho moja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nafanya sawa?" Katika hatua zote tatu alizolipia, hakuna aliyewahi kuketi naye. Alikuwa ametumiwa sauti za kusikiliza, basi. Halafu akaniambia, kama jambo dogo, kwamba tangu hatua ya pili amepunguza vidonge vyake vya sonona, maana aliambiwa dawa "zinaziba nguvu".

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Pesa ikipotea itatafutwa. Mapitio makubwa ya tafiti 47, yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la tiba la JAMA Internal Medicine, yaliona taamuli inasaidia kwa kiasi katika wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hayakupata ushahidi kwamba inazishinda dawa au mazoezi ya mwili. Kwa kiasi. Linganisha na matangazo ya hao jamaa, yanayotibu kila kitu kuanzia kisukari hadi ndoa.

Tena taamuli si kitu kisichoweza kudhuru, iwe ya bure au ya ghali. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzake, wamekusanya simulizi za watu waliopatwa na hofu kali, kukosa usingizi, au kujihisi wako nje ya miili yao, hasa baada ya vikao virefu. Mtu aliyewahi kuugua maradhi makali ya akili asiingie siku 10 za ukimya kabla ya kuongea na daktari wake, hata kama hatatozwa senti. Mwalimu mwaminifu akiona dalili hizo anasimamisha zoezi. Tapeli anakwambia ni sumu inatoka, kisha anakutajia bei ya hatua inayofuata.

Sasa chunguza jambo moja kundini kwenu. Kama kiongozi huyo ameshamshauri yeyote kuacha dawa, mtafute mtu huyo leo. Mwambie arudi kwa daktari aliyemwandikia, asipunguze hata kidonge kimoja kabla ya kuonana naye.