Bolti za bushi hazikazwi magurudumu yakiwa yananing'inia

Ndugu, kabla hujashika spana, ifute hatua yako ya mwisho. Umeandika kwamba utaliinua gari na kuliweka kwenye stendi, utafungua mikono ya chini ya mbele (vyuma vinavyounganisha gurudumu na chesisi), utaingiza bushi mpya, yaani viungo vya mpira ambavyo mikono hiyo hugeukia, kisha utazikaza bolti zote hadi mwisho gari likiwa bado juu, ili usilazimike kuingia uvunguni tena. Umeuliza pia kama utahitaji presi, ile mashine ya kushindilia bushi, na kama uchague bushi za mpira au za poliurethani, ambayo ni plastiki ngumu inayonyumbuka. Hatua hiyo moja ya kukaza ndiyo itakayoamua kama bushi zako zitadumu kwa miaka au zitachanika zikiwa bado zinang'aa, na inaniuma kuona bado inafundishwa kana kwamba ni njia ya mkato ya watu werevu.

Bushi ya kawaida ya mpira ina bomba la chuma la nje linaloshindiliwa ndani ya mkono, bomba la chuma la ndani ambamo bolti hupita, na mpira ulio kati yao, ambao kiwandani umegandishwa kwenye mabomba yote mawili. Watu wengi hudhani kwamba bomba la ndani huizunguka bolti kama bawaba ya mlango. Halizunguki. Unapoikaza bolti, kuta mbili za mabano yaliyo kwenye chesisi hulibana bomba la ndani kwenye ncha zake, ambazo mara nyingi huwa na meno madogo kwa kusudi hilo, na kuanzia hapo bomba hilo haliwezi kugeuka hata kidogo. Gurudumu linapopanda na kushuka, mkono hugeuka pamoja na bomba la nje, na kinachokubali mwendo huo ni mpira peke yake, kwa kujisokota. Kwa hiyo mahali mkono ulipo wakati unapokaza bolti ndipo mpira utakapokuwa umepumzika maisha yake yote, na kila mahali pengine utakuwa umesokotwa.

Sasa fanya hesabu. Chukua mkono wenye urefu wa sentimita 35, ambao gari likiwa limesimama chini huwa karibu sambamba na ardhi. Gari likiinuliwa na gurudumu likashuka sentimita 9, mkono huo huwa umegeuka takribani nyuzi 15. Ukikaza bolti katika hali hiyo na kisha ukalishusha gari, mpira umekwisha kusokotwa nyuzi 15 kabla hujawasha injini, na utabaki hivyo usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa. Tuta linalopandisha gurudumu sentimita 6 huongeza nyuzi 10 hivi. Bushi iliyokazwa katika kimo sahihi ingesokotwa hizo 10 tu, ilhali yako itabeba 25. Mpira huanza kuachana na bomba la ndani, ufa hutokea upande mmoja, na ule mlio wa kugonga uliokufanya ununue bushi mpya hurudi. Kabla ya hapo utaona dalili nyingine: gari husimama juu kidogo kuliko kawaida na huwa gumu kwenye mashimo madogo, kwa sababu mpira uliosokotwa unafanya kazi ya springi ambayo haukuumbwa kuifanya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye gari langu, na wanaostahili lawama ninawajua. Fundi aliyeniongoza aliniambia kwamba bolti ya saspensheni ikishakazwa imekazwa, na kwamba kushusha gari kwanza ni kupoteza muda. Bushi zilipochanika, muuzaji wa vipuri alinihakikishia kwamba zile za kwanza zilikuwa bandia, akaniuzia nyingine, nazo zikafungwa kwa mtindo uleule na kuishia vilevile. Hakuna kati yao aliyeniuliza mikono ilikuwa katika kimo gani ilipokazwa, ingawa alama ya ufa ilikuwa mahali palepale kwenye kila bushi, jambo ambalo kwa mtu anayeijua kazi yake linatosha kueleza chanzo. Ninafahamu kwa nini gereji nyingi hufanya hivyo: gari likiwa kwenye lifti inayolibeba kwa bodi, magurudumu huning'inia, mashine ya kukazia iko mkononi, na mteja mwingine anasubiri. Haraka hiyo ni faida ya gereji, na hasara yake huilipa mwenye gari. Wewe unafanya kazi nyumbani bila foleni, kwa hiyo huna sababu ya kuiga haraka ya mtu mwingine.

Fanya hivi. Kabla ya kuinua gari, likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare, pima umbali kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, na uandike kipimo cha kila gurudumu peke yake, kwa maana pande mbili hazilingani daima. Fungua, badilisha, rudisha mikono mahali pake, lakini bolti za bushi zikaze kwa nguvu ya kiganja chako tu, kiasi cha kuzuia mkono usicheze huku bomba la ndani likiwa bado linaweza kugeuka. Bolijointi, kile kiungo cha tufe kwenye ncha ya mkono upande wa gurudumu, haihusiki na kanuni hii; nati yake unaweza kuikaza kikamilifu gari likiwa juu. Kisha rudisha magurudumu, weka vipande vipana vya mbao ngumu au rampu chini ya matairi yote mawili ya mbele, zuia ya nyuma yasibiringike, na ushushe gari juu yake ili uzito ukae kwenye magurudumu. Lisukume chini mara chache upande wa mbele, hakiki kipimo cha habu na madigadi, na hapo ndipo utumie toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza.

Wengine watakushauri uuinue mkono kwa jeki hadi kipimo kilingane, bila kushusha gari. Kimo kitakuwa sahihi, lakini zingatia kwamba mkono ukifika hapo springi imebeba uzito wote wa kona hiyo na stendi imebaki karibu bila mzigo, kwa hiyo ukivuta spana ndefu kwa nguvu gari linaweza kuondoka kwenye stendi huku kichwa chako kikiwa chini yake. Mbao zilizo chini ya matairi ni salama zaidi. Kiwango cha kukaza kichukue kwenye kitabu cha ukarabati cha gari lako, kwa kuwa baadhi ya bolti hizi hukazwa kwa kiwango fulani kisha huongezewa nyuzi kadhaa za mzunguko, na za namna hiyo mara nyingi huagizwa zibadilishwe kila zinapofunguliwa.

Kuhusu presi, inawezekana kufanya bila presi, kwa fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti, nati, na soketi kubwa mbili. Nguvu ipite kwenye bomba la nje pekee; ukisukuma bomba la ndani unaurarua mpira kabla haujaanza kazi. Lainisha kwa maji ya sabuni, wala si kwa grisi ya kawaida wala oili ya injini, ambazo huvimbisha na kulainisha mpira. Bushi yenye matundu ndani ya mpira ina upande wake, basi weka alama kwenye mkono kabla hujaitoa ya zamani. Usiichome kwa moto, hasa mkono ukiwa wa alumini, kwa sababu joto hupunguza uimara wake.

Bushi nyingi za poliurethani hulipatia bomba la ndani nafasi ya kuzunguka, hivyo hazisokoteki namna hii, lakini zinahitaji grisi yake maalumu na hupitisha mtikisiko zaidi. Kwa gari la matumizi ya kila siku ningebaki na mpira, uliokazwa katika kimo chake.

Na kwa yeyote aliyekwisha kukaza magurudumu yakiwa yananing'inia: usilipeleke gari kwenye alaimenti, yaani kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu, bado. Lishushe juu ya mbao, legeza bolti za bushi hadi bomba la ndani liachiwe, likandamize gari mara chache, kisha ukaze upya. Angalia mpira kwa tochi kuzunguka bomba la ndani. Kama hakuna ufa, bushi hizo bado zinafaa, na alaimenti ifuate baada ya hapo.